Tusidai Dripu, Tudai Wauguzi

Bila shaka umewahi kusikia kelele hizi katika chumba cha dharura: "Sista, mbona mgonjwa wetu hajawekwa maji?" Jamaa wakiiona chupa ya dripu imening'inia, roho zao hutulia. Wasipoiona, husema hospitali imezembea. Kwa maoni yangu, imani hii ni ya hatari, hasa mgonjwa anapopatwa na ule mshtuko ambao madaktari huuogopa sana.

Mshtuko huu si ule wa kupashwa habari mbaya. Ni hali ya damu kushindwa kufikisha oksijeni ya kutosha kwenye ubongo, figo na viungo vingine. Mara nyingi mgonjwa huwa na mikono baridi yenye jasho, moyo humwenda mbio, hupumua kwa kasi, huchanganyikiwa, na mkojo wake hupungua. Asiposaidiwa mapema, hufa.

Aina zake ni nne. Ya kwanza ni kupungukiwa na damu au maji mwilini, kama majeruhi wa ajali, mama anayevuja damu baada ya kujifungua, au mgonjwa wa kipindupindu. Huyu wa kipindupindu ndiye wa kujazwa maji haraka. Anayevuja huhitaji damu, na uvujaji wenyewe uzuiwe. Ya pili ni moyo kukosa nguvu za kusukuma damu. Ukimmiminia huyu maji mengi, mapafu yake hufurika. Ya tatu ni mishipa ya damu kulegea na kupanuka kwa sababu ya maambukizi makali, kuumia uti wa mgongo, au mwili kuikataa dawa kama penisilini au sumu ya nyuki. Anayedhuriwa na dawa au nyuki huhitaji kwanza sindano ya adrenalini pajani. Ya nne ni njia ya damu kuzibwa, kwa mfano donge la damu linapokwama mapafuni. Hapo dawa ni kuondoa kizuizi.

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Hata wataalamu waliwahi kuwa gizani. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kilifi hapa kwetu, Muheza nchini Tanzania, na katika hospitali za Uganda. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mshtuko walihusika, wanaohara hawakuwamo. Miongoni mwa waliomiminiwa maji mengi kwa haraka, 10 hadi 11 katika kila 100 walifariki kabla ya saa 48 kwisha. Miongoni mwa wale ambao hawakumiminiwa hivyo, walifariki kama 7. Chupa tuliyoidhania mkombozi ilikuwa ikiua.

Ni nini basi kinachookoa? Ni jicho la muuguzi. Yeye huhakikisha njia ya hewa iko wazi, humpa mgonjwa oksijeni, humfunika asipate baridi, na hupima mpigo na presha mara kwa mara. Hubonyeza ukucha na kuhesabu. Rangi isiporudi baada ya sekunde tatu, damu haifiki vizuri. Hupima mkojo kila saa. Mtu mzima wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, daktari aitwe. Husikiliza kifua, kwani kikianza kukoroma, maji yapunguzwe.

Kazi hiyo haiwezekani muuguzi mmoja anapoachiwa wadi nzima usiku kucha. Hapo ndipo hasira yetu inapaswa kuelekezwa. Tuwaulize wakuu wa afya katika kaunti zetu ni wauguzi wangapi walio zamu, badala ya kumfokea yule mmoja aliyepo.

Nawe msomaji una wajibu wako. Ukimkuta mtu katika hali hii, usimpe chai wala soda. Mlaze chali, ila anayehema kwa shida mwache aketi. Bonyeza kwa nguvu panapovuja damu, mfunike, na umfikishe hospitalini upesi. Aliyeumia shingo au mgongo asikunjwe ndani ya teksi; abebwe akiwa amenyooka juu ya ubao.

Na ukifika huko, usiulize dripu iko wapi. Uliza, "Sista, mgonjwa wetu amepimwa saa ngapi, na atapimwa tena lini?" Swali hilo laweza kumwokoa.