Mji Wetu Nao Upate Ngitili

Tangu Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012 na Bariadi ikawa makao makuu yake, mji wetu umezidi kukua. Nyumba, maduka na barabara vyaongezeka. Lakini vivuli vyapungua. Ndugu wasomaji, yafaa tujiulize: je, twataka mji wa mabati na vumbi tu?

Wako wasemao kwamba viwanja ni haba, na kwamba msitu katikati ya watu ni maficho ya nyoka na wezi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini dawa yake ni kupanga vizuri, wala si kukataa miti.

Wazee wetu wa Usukuma walijua kupanga. Ngitili ni eneo linalofungwa wakati wa mvua ili majani yaote, kisha hufunguliwa kiangazi mifugo ipate malisho. Zamani za ukoloni miti mingi ya nchi hii ilifyekwa ili kufukuza mbung'o, na mashamba ya pamba yakamaliza mingine. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa HASHI katika Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Bariadi. Ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi; mpango ulipokwisha mwaka 2004, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Siri haikuwa miche tu. Kila ngitili ilikuwa na mwenyewe, mtu au kijiji. Ilikuwa na mpaka na sheria, na mvunja sheria alitozwa faini.

Basi Halmashauri ya Mji na itenge ngitili ya watu, kando ya mito na mabonde, kabla viwanja havijagawanywa. Ipandwe migunga na mikwaju inayostahimili ukame. Matawi ya chini yakatwe ili mtu aonekane kutoka mbali. Njia ziwe pana. Na kila mtaa uwe na walinzi wake. Hapo mwizi atakosa maficho, na wazee na watoto watapata pahali pa kupumzika jua la saa nane likiwaka.

Wenzetu wa Nairobi walikaribia kuupoteza msitu wa Karura, hata Wangari Maathai na wenzake wakaupigania mwaka 1999. Leo wenyeji hutembea humo kwa raha. Sisi tusingoje kupigana.

Nasi wanafunzi tuna lawama yetu: siku ya kupanda miti twaonekana wengi, siku za kumwagilia hatuonekani. Kila bweni na lipewe miti yake, liulizwe habari zake kila muhula.