Saa Mbili, Mkono Mmoja



Huko Masinya wilayani Busia, na vilevile Tororo, mtu akisema anataka Rolex aghalabu huletewa chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai ya kukaanga. Ni chakula kitamu, na bei yake haimtii mtu katika deni. Lakini iko Rolex nyingine ambayo bei yake hununua kiwanja, na wiki hii twazungumza juu ya vitu vya jamii hiyo: saa za mkono za thamani, ziendazo kwa kamani na magurudumu ya meno, bila betri.

Si ajabu jambo hili kufika katika ukurasa wa nyumbani. Askari na polisi wengi huzipenda saa, kwa kuwa kazi yao yote ni ya saa: zamu, lindo, gwaride, kuondoka na kufika. Mtu huanza kwa kutunza saa aliyoachiwa na marehemu baba yake, akaongeza nyingine siku aliyopanda cheo, na kabla hajatambua amekwisha kuwa mkusanyaji. Tumchukue, kwa mfano, askari aliyerudi kutoka Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalianza kulinda amani Machi 2007. Ana akiba yake. Kabatini mna saa nne za bei ya kadiri, na sasa ataka moja kubwa ya kuziongoza. Mbele yake zimesimama mbili: Rolex GMT-Master II na Omega Speedmaster. Mpanda farasi wawili hupasuka msamba; hana budi kuchagua.

Tuanze na Rolex. Saa ya GMT-Master ilitoka katika miaka ya 1950 kwa ajili ya marubani wa shirika la ndege la Pan American, waliovuka nchi za saa mbalimbali katika safari moja. Ina mshale wa nne, uzungukao mara moja tu katika saa 24, na pete ya nje yenye tarakimu za saa hizo 24. Katika toleo la pili, la miaka ya 1980, mshale wa saa za kawaida waweza kusogezwa peke yake pasipo kuisimamisha saa.

Je, mshale huo wa nne wamfaa nini mtu wa mpakani? Kwa Busia yenyewe haumfai kitu. Anayevuka kwenda upande wa Kenya hubadili fedha, habadili saa. Hata Mogadishu saa ni ileile. Lakini mashariki ya Kongo, Rwanda na Burundi ziko nyuma yetu kwa saa moja, na Sudan Kusini nayo ilirudi nyuma Februari 2021. Basi askari aliyepelekwa Kongo, au dereva wa lori litokalo Mombasa kwenda Goma, ataona faida yake. Tena yupo atakayeurudisha mshale huo nyuma kwa saa sita ili umsomee saa za Kiswahili: saa za jeshi zikiwa 1300, wenyewe waonyesha 7, yaani saa saba mchana. Saa hii hujijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, na imetengenezwa kustahimili maji ya kina cha meta 100. Mvua na vumbi la barabara haviitishi.

Omega Speedmaster ilitoka mwaka 1957. Hiyo ni saa yenye kipima muda: kitufe kimoja huanzisha na kusimamisha mshale wa kupimia, na kingine huurudisha mwanzo. Shirika la anga la Marekani, NASA, liliijaribu kwa joto, baridi na mitikisiko, likaikubali Machi 1965. Julai 1969 Buzz Aldrin aliivaa juu ya mwezi. Neil Armstrong aliiacha yake ndani ya chombo, kwa sababu saa ya chombo ilikuwa imeharibika.

Juu ya pete yake mna kipimo cha mwendo. Ukiwa ndani ya gari, bonyeza kitufe upitapo jiwe moja la kilometa, ubonyeze tena ufikapo jiwe la pili. Ukitumia sekunde 45, mwendo ni kilometa 80 kwa saa. Sekunde 30 ni kilometa 120. Si ushahidi wa kupeleka mahakamani, lakini ni somo zuri kwa mtoto wa shule: agawe 3,600 kwa idadi ya sekunde, naye atapata jawabu. Speedmaster ya namna iliyokwenda mwezini haijijazi yenyewe. Hujazwa kwa vidole, na ikijaa huenda kwa siku mbili hivi. Maji yake ni ya meta 50 tu, basi isivuliwe samaki.

Sasa tuje kwenye fedha. Zote mbili, zikiwa mpya, huuzwa kwa makumi ya mamilioni ya shilingi za Uganda, na Rolex huwa juu zaidi. Tena Rolex hiyo ya chuma haipatikani kwa kuingia tu dukani na fedha mkononi: wanunuzi husubiri, na wachuuzi wa saa zilizokwisha tumika hujiongezea faida juu ya subira yao. Wako waliodhani kuwa saa ni benki. Bei za saa hizo zilizotumika zilipaa hadi mwanzoni mwa 2022, kisha zikashuka, na walionunua kileleni wakabaki wameivaa hasara yao. Kumbuka pia gharama ya matengenezo. Rolex hushauri saa yake ifunguliwe na kutiwa mafuta kila miaka 10 hivi. Omega hushauri kila miaka 5 hadi 8. Kipima muda kina vipande vingi, na si kila fundi wa barazani awezaye kukikusanya tena. Kabla ya kununua, uliza: ni fundi gani atakayeifungua, na yuko mji gani?

Halafu kuna hatari ya saa bandia. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Saa ya mamilioni haitembezwi kituoni pamoja na soksi na miwani ya jua. Wengine hudhani kwamba mshale wa sekunde ukiteleza bila kuruka, basi saa ni ya kweli. La hasha! Saa bandia nyingi nazo zaenda kwa kamani. GMT-Master II ya leo hupiga mapigo 8 kwa sekunde, na Speedmaster ya kujazwa kwa mkono hupiga 6, lakini hata mapigo huigwa. Dawa ni fundi aijuaye kuifungua, na namba zake kulinganishwa na karatasi, kabla fedha hazijatoka mfukoni. Ikiwa imenunuliwa ng'ambo, iwekwe mezani kwa watu wa forodha na risiti yake. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa Februari 2018, kiliwapunguzia wasafiri usumbufu wa mpakani, hakikufuta kodi.

Neno la karatasi ni kubwa kuliko linavyodhaniwa. Mwaka 1943 koplo Mwingereza aitwaye Clive Nutting, aliyekuwa mateka wa Wajerumani katika kambi ya Stalag Luft III, aliandika barua Geneva kuagiza saa ya Rolex yenye kipima muda. Hans Wilsdorf, mwasisi wa kampuni hiyo, alimpelekea saa huko huko kambini, akamwambia asihangaike na malipo mpaka vita viishe. Saa hiyo ilipata sifa kati ya wakusanyaji si kwa chuma chake, bali kwa barua zilizotunzwa pamoja nayo.

Na kwetu mambo huwaje? Mzee hufariki, saa zake zikabaki ndani ya sanduku, wala hapana aijuaye hata moja. Siku ya shida hupita mchuuzi, akatoa bei ya mbuzi kwa kitu chenye bei ya zizi zima la ng'ombe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkusanyaji aliyemficha mke wake bei ya saa hajajilinda na ugomvi. Amewaibia watoto wake. Anunue daftari la kurasa chache, aandike jina la kila saa, namba yake, mahali na siku ilipopatikana, bei yake na jina la fundi. Risiti zikae humo, na mke ajue daftari liliko.

Na wewe mama wa nyumbani, yako mawili ya kuangalia. Usiilaze saa ya kamani juu ya spika ya redio, kwani sumaku huharibu mwendo wake. Na saa za kale zing'aazo gizani, za kabla ya miaka ya 1960, nyingi zilipakwa radiamu, ambayo ni sumu: mng'ao waweza kufifia, lakini sumu yabaki. Watoto wasizifungue kamwe.

Basi achague ipi? Kama saa itavaliwa kila siku kazini, mvuani na safarini Kongo, Rolex ndiyo yenye kumfaa. Lakini mkusanyaji wa Masinya, ambaye saa yake itakaa zaidi kabatini kuliko mkononi, twamshauri achukue Omega: bei yake ni nafuu kuliko ya mwenzake, haimtaki abembeleze dukani, na jina lake haliwavuti wezi kwa nguvu ileile. Masharti ni mawili: fundi awe amejulikana kabla ya kununua, na shauri liwe limepita mezani kwa mke na mume. Na kama ada za shule hazijalipwa na nyumba haijaezekwa, asichukue yoyote. Seiko 5, ambayo Wajapani waliianza mwaka 1963, nayo yaenda kwa kamani, yajijaza yenyewe, na itamfikisha kwenye zamu kwa wakati.