Ndani ya iPod nano

Septemba 7, 2005, Steve Jobs wa kampuni ya Apple alichomoa iPod nano kutoka kile kimfuko kidogo cha suruali ya jinzi. Sifa zote zikaenda kwenye wembamba: milimita 6.9, uzito gramu 42. Hata hivyo ile ya gigabaiti 4 ilibeba nyimbo 1,000 hivi. Bei yake Marekani dola 249. Ya gigabaiti 2, dola 199.

Wengi waliishia kwenye umbo. Mfanyabiashara alikuwa na swali jingine: mbona Apple imeiondoa sokoni iPod mini, iliyokuwa ikiuzika kuliko iPod nyingine zote? Si kawaida ya muuzaji kuteremsha rafuni mali inayotoka. Sababu ilikuwa ndani. Mini ilihifadhi muziki kwenye diski ndogo inayozunguka. Nano ilitumia chipu za kumbukumbu.

Novemba mwaka huohuo Apple ikatangaza mikataba ya chipu hizo hadi 2010 na Samsung, Toshiba, Hynix, Intel na Micron, na ikakubali kulipa dola bilioni 1.25 kabla ya kupokea mzigo. Umbo mshindani aliweza kuliiga. Fedha za kujiwekea mzigo wa miaka mitano si wengi waliokuwa nazo.

Wanunuzi walilalamika kwamba kioo kinachubuka upesi, na malalamiko hayo yakafika mahakamani. Mwenye hisa aliyeangalia mikwaruzo tu aliukosa mkataba. Nano iliuzwa hadi Julai 2017.