Ukiigusa kete, icheze



Wachezaji wawili wa sataranji wanapopambana katika mashindano ya klabu, mara nyingi mwamuzi hakai mezani pao. Anazunguka meza nyingi. Hata hivyo sheria ya mchezo ni kali, na ni ile ile dunia nzima: ukigusa kete yako kwa makusudi, na ina njia ya kusogea, lazima uicheze hiyo hiyo. Ukitaka kuiweka vizuri tu, utangulie kusema. Kusema baada ya kugusa hakusaidii.

Sasa tuseme mmoja amegusa farasi, kisha akashtuka: akimwondoa hapo, malkia wake ataliwa. Mwenzake alikuwa ameinama akiandika hatua kwenye karatasi yake. Mwamuzi yuko mbali. Nani ameona?

Mtakatifu Teresa wa Avila, ambaye Hispania inamheshimu kama msimamizi wa wachezaji wa sataranji, aliwafundisha watawa wake kwa mfano wa mchezo huu. Alisema kete inayomkamata Mfalme wa mbinguni ni malkia, na malkia huyo ni unyenyekevu. Kwingineko alieleza kwamba unyenyekevu ni kuenenda katika ukweli.

Wengi wetu tunadhani unyenyekevu ni kuinamisha kichwa kanisani. Kumbe ni kusema, "Nimeigusa," wakati hakuna shahidi na hasara inaonekana wazi.

Mweka hazina wa jumuiya anayehesabu michango akiwa peke yake yumo katika mtihani huo. Yumo pia mume aliye kazini mkoa wa mbali, ambako hakuna anayejua kwamba aliweka ahadi altareni. Bwana wetu anataka neno letu litoshe lenyewe, bila viapo (Mt 5:33-37), hata linapotugharimu.

Mchezaji yule akisema kweli, huenda akashindwa. Injili haimwahidi ushindi mezani. Lakini mchezo ukiisha, wote wawili wakatia saini na kupeana mikono, hatakwepa macho ya mwenzake.

Usiku wa leo tujiulize: ni kete gani niliyoigusa, nikairudisha kimya kimya? Kama ipo, padre yupo kitubioni, na Mungu aliyeona tangu mwanzo anatungoja kwa huruma.

Dominika njema.