Kusoma biashara nje ya nchi: diploma peke yake haitoshi

Kila mwaka, matokeo ya Exetat yanapotangazwa, swali moja linarudi katika nyumba nyingi za Butembo, Beni na miji mingine ya mashariki mwa Congo: mtoto abaki kusoma hapa, au avuke mpaka aende Kampala? Na anapovuka, masomo ya biashara ni kati ya yale ambayo wazazi wanayapenda sana.

Si ajabu. Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Wengi wao walifika Dubai na Guangzhou bila kukaa siku moja katika chuo cha biashara. Kontena zao zilishuka Mombasa, zikapita Kampala, zikaingia Congo kwenye mpaka wa Kasindi. Walijifunza bei, ushuru na mkopo wakiwa barabarani. Leo wanataka mtoto ajue kwa vitabu yale ambayo wao waliyajua kwa macho na kwa hasara. Tena Uganda haiko mbali: ukitoka Mpondwe, basi linakufikisha Kampala, mji wenye Chuo Kikuu cha Makerere kilichoanza mwaka 1922, na chuo chake cha biashara cha Nakawa kilichoundwa mwaka 1997.

Lakini safari hiyo ina bei. Kuna mzazi anayeuza kiwanja, kuna anayeuza ng'ombe, kuna mama anayengoja zamu yake ya likelemba ili alipe karo ya muhula. Basi ni haki kuuliza: baada ya miaka 3, mtoto huyo anarudi na nini zaidi ya karatasi yenye muhuri?

Faida ya kwanza huanza kwa maumivu. Kijana aliyekuwa wa kwanza darasani kwa Kifaransa anajikuta wa nyuma kwa Kiingereza. Yale aliyosoma katika kitengo cha biashara na usimamizi, mizania ya kampuni na hesabu ya faida na hasara, anayakuta tena yakiwa na majina mapya. Miezi ya kwanza anaelewa nusu ya somo. Akivumilia, anagundua kwamba hesabu ni ileile na kilichobadilika ni jina tu. Siku hiyo anaacha kukariri, anaanza kuelewa.

Faida ya pili ni namna ya kusoma. Mwanafunzi aliyezoea kununua silabusi ya profesa na kuirudisha neno kwa neno siku ya mtihani anapewa hesabu za kampuni iliyopata hasara. Anaambiwa akae na wenzake wanne, watafute sababu, kisha wasimame mbele ya darasa kuieleza. Wenzake hao wanaweza kuwa Mganda, Mkenya, Mnyarwanda na kijana wa Sudan Kusini. Anajifunza kutetea wazo lake, na pia kukubali kwamba mwingine ameona vizuri kuliko yeye. Hakuna duka wala kampuni inayosimama bila mambo hayo mawili.

Faida ya tatu haimo katika kitabu chochote. Nyumbani, unga ukiisha, mama anajua la kufanya. Kampala, mwanafunzi ndiye anayehesabu shilingi za kodi ya chumba, za chakula na za usafiri. Dola za baba zinafika kwa simu zikiwa zimekatwa gharama za kutuma, halafu zinabadilishwa kwa bei ya siku hiyo. Anayeandika kila anachotumia anasoma usimamizi wa fedha mara mbili, darasani na chumbani mwake. Asiyeandika, akala karo kwa nguo na starehe, anaweza kurudi na diploma ya biashara bila kuwahi kuendesha hata mfuko wake mwenyewe. Wote wawili wapo, na wazazi wanawajua.

Hata kwa yule aliyesoma vizuri, mtihani mgumu unamngoja nyumbani. Congo iliingia katika OHADA mwaka 2012. Hili ni shirika la nchi 17 za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, na hesabu za kampuni katika nchi hizo hufuata utaratibu unaoitwa SYSCOHADA. Katika utaratibu huo kila hesabu ina namba yake iliyowekwa na sheria: 52 ni benki, 57 ni sanduku la fedha taslimu, 60 ni manunuzi, 70 ni mauzo. Uganda haimo katika OHADA. Kule mhasibu hufuata kanuni za kimataifa, na kampuni hupanga yenyewe namba za hesabu zake. Kwa hiyo kijana mwenye alama nzuri kutoka Kampala anaweza kuketi mbele ya mwajiri wa Butembo au Lubumbashi, akapewa daftari la hesabu, akakosa pa kuanzia. Si kwamba hana akili. Hakuna aliyemwambia mapema.

Hasara hiyo inaweza kuzuilika. Namba za SYSCOHADA na sheria kuu za OHADA mtu anaweza kuzisoma wakati wa likizo. Anaweza pia kufanya mazoezi ya kazi katika kampuni ya Congo kabla ya mwaka wa mwisho, badala ya kungoja mpaka avae joho. Na Kifaransa chake kisiachwe kikaota kutu, kwani barua za serikali na mikataba ya kazi zinaandikwa kwa lugha hiyo.

Mwenye kushika pande zote mbili ana soko. Mwaka 2020 benki ya Equity kutoka Kenya iliunganisha tawi lake la Congo na BCDC, benki ya zamani ya nchi hii. Mwaka 2022 KCB, pia ya Kenya, ilinunua sehemu kubwa ya hisa za TMB, na mwaka 2023 CRDB ya Tanzania ilifungua milango Lubumbashi. Katika mwaka huohuo wa 2022, Congo ikawa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makampuni kama haya yanahitaji mtu anayeweza kusoma ripoti ya Nairobi kwa Kiingereza, kupanga hesabu za Congo kwa Kifaransa, na kuzungumza na mteja kwa Kiswahili. Kijana wa Kivu aliyesoma nje kwa makini anaweza kuwa mtu huyo.

Serikali nayo ina kazi yake. Tangu vyuo vikuu vya Congo vilipoanza mfumo wa LMD, digrii ya kwanza ni ya miaka 3, badala ya graduat ya miaka 3 na licence ya miaka 2 juu yake. Mfumo huo unafanana zaidi na ule wa majirani, na ungepaswa kurahisisha utambuzi wa diploma za nje. Kijana anayetoka Kampala asilazimike kutafuta mtu wa kumfikishia faili lake Kinshasa. Wizara ya elimu ya juu iweke wazi orodha ya karatasi zinazotakiwa, gharama na muda wa kungoja, na huduma hiyo ipatikane mikoani.

Wazazi nao, kabla ya kuuza kiwanja, waulize maswali matatu. Chuo hicho kinatambuliwa na serikali ya nchi yake? Kinamhesabu Mkongomani kama raia wa Jumuiya au kama mgeni wakati wa kulipa karo? Na mtoto mwenyewe anataka biashara, au anafuata rafiki zake?

Wafanyabiashara wa zamani wa Butembo hawakwenda Dubai kutazama majumba. Kila mmoja alijua bidhaa anayoifuata na mteja anayemngoja nyumbani. Mwanafunzi anayepanda basi pale Mpondwe ana haki ya kwenda na hesabu hiyohiyo kichwani: anafuata nini, na atakirudisha kwa nani.