Mali Iliyomo Katika Kiganja cha Udongo

Ni jambo lisilo na ubishi kwamba serikali za Afrika zinajua thamani ya dhahabu, pembe za ndovu na magogo, na zimeweka walinzi wa mali hizo. Lakini iko mali nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ni vijidudu vya udongoni na vimeng'enya vyake. Vimeng'enya ndivyo viondoavyo madoa katika sabuni ya unga, vilainishavyo nguo za jinzi na visaidiavyo kung'arisha karatasi viwandani.

Kenya imekwisha kupata funzo. Maji ya maziwa ya magadi ya Bogoria na Nakuru ni makali kama maji ya sabuni, kwa hiyo vimeng'enya vya vijidudu viishivyo humo haviharibiki katika dobi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walivikusanya vijidudu hivyo, na vimeng'enya vyake vikaingia katika biashara ya kampuni ya Genencor. Mwaka 2004 shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, lilidai fidia, na mabishano makubwa yakazuka. Mwaka 2007 shirika hilo lilitia saini makubaliano na kampuni ya Novozymes ya Denmark ili nchi nayo ipate fungu lake.

Hata hivyo, kisa hicho kilihusu vijidudu hai vilivyobebwa katika chupa. Leo elimu imesonga mbele. Vijidudu vingi mno vya udongoni hukataa kuoteshwa maabara. Kwa njia iitwayo metajenomiki, jina lililoanza kutumika mwaka 1998, mtaalamu hana haja ya kuviotesha. Huchukua DNA yote ya kiganja kimoja cha udongo, akaisoma kwa mashine, akatafuta kwa kompyuta jeni ya kimeng'enya anachokitaka. Jeni hiyo huweza kuundwa upya ng'ambo na kutiwa katika bakteria anayefugwa kiwandani. Kilichovuka mpaka ni herufi tu.

Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inataka idhini ya nchi na mgawanyo wa haki wa faida, lakini haikutaja waziwazi taarifa za DNA zilizohifadhiwa katika kompyuta. Mfuko wa Cali, uliozinduliwa Februari 2025, unazitaka kampuni zinazonufaika na taarifa hizo zichangie. Lakini mchango huo ni wa hiari, na hiari ya tajiri si ngao ya maskini.

Kwa hiyo afisa anayegonga muhuri kibali cha utafiti hana budi kuuliza si udongo unakwenda wapi tu, bali pia nani atausoma, taarifa zitawekwa wapi, na kwa masharti gani. Mwalimu wa baiolojia naye ana wajibu mzito zaidi, kwani muhuri peke yake hausomi DNA. Taifa lisilo na vijana wa kuusoma udongo wake litauziwa sabuni iliyotokana na udongo huo huo, na kwa bei ya muuzaji.