Elimu Hufungwa Kamba

Mwaka jana safari ilitufikisha Khunyangu, Kaunti ya Busia, upande huu wa mpaka wa Uganda. Usiku simu ikazimika, nasi twataka kupeleka salamu nyumbani. Tulipoazimwa nyingine tukagutuka: nambari ya nyumbani hatuijui! Ilhali sura tulizohifadhi chuoni tukiwa na miaka 7, twazisoma hadi leo pasi na kukwama.

Mwenyeji wetu, bibi mzee, akacheka. "Mwanangu, kumbe kwenu umekuweka ndani ya simu!" Kisha akatueleza namna majina ya kwao yanavyotunza habari. Wanjala ni mzaliwa wa wakati wa njaa, Wafula wa wakati wa mvua, Nekesa wa mavuno, na Nabwire alizaliwa usiku. Kwa Waluhya wengi wa sehemu zile, jina ni fundo lililofungwa ili siku isipotee.

Sisi wa pwani nasi tuna mafundo yetu. Chuoni, mwanafunzi huandikiwa ubaoni, husoma kwa sauti na kukariri, na ubao haufutwi mpaka somo limekaa kifuani. Tasbihi ina punje 33 au 99, vidole vihesabu ili moyo ushughulike na dhikri. Na katika utenzi, kipande cha mizani 8 kikipungua mizani moja, sikio hukikataa; neno likisahauliwa, kina humwelekeza msomaji alitafute wapi. Kwa hivyo tenzi ndefu ziliweza kuhifadhiwa hata na wasiojua kuandika.

Siri ni moja: jambo lililofungwa na sauti, kidole au msimu halipotei upesi. Lakini kufunga pekee hakutoshi. Mtume (S.A.W.) alimfananisha aliyehifadhi Kurani na mwenye ngamia waliofungwa kamba: akiwaangalia hubaki naye, akiwaachia huenda zao. Kudurusu ndiko kuwaangalia.

Hatusemi simu itupwe. Jina la Wanjala halielezi ni njaa ya mwaka gani, na wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tunalolalamikia ni kuiachia simu kila kitu, hata nambari ya mama mzazi. Mtoto mdogo akipotea katika msongamano wa Malaba, au wa Kongowea, hana simu mfukoni. Ana kichwa chake tu, na hicho tumekiacha kitupu.

Basi mzazi, usimngoje mwalimu. Tarakimu 10 za nambari yako zigawe vipande vya 4, 3 na 3, uzitie mahadhi, mwanao aziimbe leo, kesho na kesho kutwa. Ijumaa ijayo muulize tena. Nawe ya kwake mwenziwe nyumbani uihifadhi vivyo hivyo, usije ukaaibika ugenini kama tulivyoaibika sisi.